Kama huonyeshi nailoni, usituonyeshe tikiti

Wadau, leo hakuna video. Hii nimeona niiandike, kwa sababu nikisimama mbele ya kamera najijua, nitaanza kuchekesha watu na nitaruka mahali panaponiuma.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliposti video ya sekunde 40. Wengi wenu mlifika hapa kupitia hiyo. Niko shambani kwa shosho, Kinangop, asubuhi, ukungu umeshika hadi uani, nimevaa jaketi na marvini, na nikipumua inatoka moshi. Nainama, nachuna tikiti maji dogo la kijani kiza, naliweka juu ya gogo, napasua na panga. Ndani jekundu kabisa. Naangalia kamera nasema, "Nani aliwaambia Kinangop ni ya viazi peke yake?" Imeisha hapo. Ikaenda mbali kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutengeneza.

Kitu hamkuona ni nailoni. Hilo tikiti lilikaa ndani ya kibanda cha nailoni maisha yake yote. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeikunja upande mmoja nikaisukuma nyuma ya kamera, na vile vijiti vilivyoishikilia nikaving'oa. Sikuwa na nia ya kudanganya mtu. Ilikuwa inaharibu picha, basi. Ilikuwa na matope, halafu na nailoni mbele shamba linakaa kama kambi ya wakimbizi.

Mwezi wa nane nikapata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa kaunti hii hii yetu. Aliona video, akaenda kwa chama chao akakopa 31,000, akalima robo ekari, akapanda matikiti, yale makubwa ya mistari ambayo huuzwa vipande stendi. Alipanda na mvua ya mwezi wa nne, mahali wazi. Mbegu nyingi zilioza kabla ya kutoka. Zilizotoka zilikaa na majani mawili mawili hadi Juni, na Julai ikamaliza. Nilisoma ujumbe wote nikingoja matusi. Hakukuwa na tusi hata moja. Mwishoni aliuliza tu: "Kijana wangu, yako ulifunika na nini?"

Nilikaa na simu mkononi hiyo siku karibu yote.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua wenzangu wa kamera hawatayapenda. Tikiti maji dogo, la kukomaa mapema, linaweza kuiva mahali baridi kama kwetu. Nimeliona, nimelila. Lakini ni zao la nyuma ya nyumba. Si la kuchukulia mkopo. Na mtu yeyote anayeonyesha tikiti la nyanda za baridi bila kuonyesha kile kilicholifunika, na siku ngapi lilichukua, na lilikuwa na kilo ngapi, anauza kitu ambacho hana. Mimi wa kwanza.

Sasa wacha tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na hata mimi nilichanganyikiwa. Sikumaliza chuo na hata huko sikuwa nasomea kilimo, kwa hivyo msinichukue kama afisa wa nyanjani. Nilijifunza kwa kusoma na kwa kuharibu.

Pakiti yangu ya mbegu iliandikwa siku 75. Aina ni Sugar Baby, ile ya zamani, mviringo, ngozi kiza bila mistari. Karibu kila agroveti anayo. Nilihesabu siku 75 kwa kalenda ya ukutani, ile ya duka, nikazungushia kalamu nyekundu. Siku ya 75 ilipofika nilikuwa na matunda ya saizi ya limau. Nikadhani nimeuziwa mbegu feki. Nilikuwa hata nimeanza kuandaa video ya kulalamika, na nashukuru sikuiposti.

Shida haikuwa mbegu. Tikiti halihesabu siku, linahesabu joto. Zile siku 75 zilihesabiwa mahali pa joto. Asili ya huu mmea ni jua kali: utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa tikiti tunalokula ni tikiti la Kordofan, kule Sudan. Sasa kitu cha Sudan ukikileta mita 2,500 juu ya bahari, kinakaa kama mgeni aliyekuja na shati ya mikono mifupi. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mmea unasimama. Haufi mara moja, unasimama tu. Na mbegu kwenye udongo wa baridi haisubiri, inaoza.

Piga hesabu ya kijinga kidogo. Wote, Makueni, wastani wa mchana na usiku ni kama nyuzi 23. Toa 15, kila siku mmea unaweka akiba ya 8. Kinangop wastani uko kwa 13, 14 hivi. Toa 15. Unaona? Kila siku unaweka akiba ya sifuri, mwaka mzima. Hesabu halisi ina mambo mengi kuliko hiyo, kwa sababu saa saba mchana hata kwetu jua linachoma, lakini picha ndiyo hiyo. Yule mama hakushindwa kwa sababu ya uvivu au mbolea kidogo. Hakuna kitu angefanya kwa shamba wazi mwezi wa sita kikabadilisha hiyo hesabu.

Ndio maana nilisema dogo na la mapema. Mmea mmoja ukibeba tunda la kilo 8, unahitaji majani mengi na wiki nyingi za jua kulijaza sukari. Tunda la kilo 2 linahitaji kazi kidogo zaidi. Na aina za mapema zinatoa ua la kike mapema, kabla mmea haujawa msitu, kwa hivyo hata joto likiwa haba kuna nafasi ya kumaliza.

Kuna story moja ya hizi mambo ambayo naipenda sana. Miaka ya 1970 kulikuwa na kijana wa shule anaitwa Glenn Drowns, akiishi kaskazini mwa Idaho, Marekani, milimani, mahali ambapo usiku wa Julai, katikati ya kiangazi chao, joto linashuka hadi nyuzi 6. Alitaka tikiti maji. Kila alichopanda kiligoma. Akaanza kuchavusha aina na aina mwenyewe, akichagua zile zinazovumilia, hadi akapata tikiti lake: mviringo, kijani kiza, jekundu ndani, linaiva kwa siku 70 na kitu. Alilipa jina la Blacktail Mountain. Mpaka leo watu wa nchi za baridi wanalipanda. Kabla yake Chuo Kikuu cha New Hampshire kilikuwa kimetoa kadogo kanaitwa New Hampshire Midget, kikashinda tuzo ya All-America mwaka wa 1951. Kanada nako wana jeupe la ndani, Cream of Saskatchewan. Yaani watu wa baridi wamekuwa wakipigania hili tunda kitambo.

Niliposoma hiyo story ya Drowns nilijiona mimi. Kijana, milima, baridi, kichwa ngumu. Nilikuwa karibu kuitumia kama kichwa cha video: "Kama Idaho waliweza!" Halafu nikaketi nikafikiria, nikaona kuna kitu hakilingani.

Idaho ya kaskazini mwezi wa Juni jua linakaa juu karibu saa 16. Usiku ni baridi lakini ni mfupi, na mchana ni joto kweli. Shida yao ni kwamba kiangazi ni kifupi, baridi inarudi mbio. Kwa hivyo tikiti lao lilizalishwa kukimbia. Sisi hapa tuko karibu na ikweta. Jua ni saa 12, Januari hadi Desemba, haliongezi dakika kwa sababu umeomba. Sisi hatukimbizwi na kitu, tuna miezi 12. Kile hatuna ni joto lenyewe. Mbegu ya mapema inakusaidia kumaliza haraka, haikupi joto. Hilo utalitengeneza mwenyewe na nailoni, mawe na maji.

(Na kabla mniulize: hiyo Blacktail Mountain sijaiona kwa agroveti yoyote huku kwetu. Mbegu kutoka nje haibebwi tu kwa bahasha, inataka kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea. Mimi nimekaa na Sugar Baby yangu.)

Faida moja tuliyo nayo, ambayo Idaho hawana, ni kwamba tunaweza kuchagua. Kama una miezi 12, chagua ile mizuri. Kwetu Januari, Februari hadi katikati ya Machi ndiyo mbingu iko wazi na mchana una jua. Juni hadi Agosti ni wingu na manyunyu, usijaribu hata na nailoni. Lakini sasa ujue mtego: hiyo Januari yenye mchana mzuri ndiyo ile ile yenye sakitu, ile barafu nyeupe ya asubuhi inayochoma viazi hadi vinakuwa vyeusi kama vimepikwa. Mbingu ikiwa wazi mchana, usiku joto lote linaenda juu. Kwa hivyo miezi mizuri ya tikiti Kinangop ndiyo miezi ambayo usipofunika usiku mmoja tu umeisha. Shosho alikuwa ananicheka. Kila jioni saa kumi na mbili ananiita kutoka jikoni, "Wewe, watoto wako umewalaza?"

Nilifanya hivi. Mbegu nilizipanda Novemba 25 kwa vikombe vya karatasi ya gazeti, nikaviweka jikoni kwa shosho juu ya rafu karibu na jiko la kuni, maana hapo ndipo pahali pa joto kushinda pote nyumbani. Zilitoka siku ya 6. Mchana natoa nje kwa jua, jioni narudisha. Kikombe cha gazeti ni muhimu kwa sababu tikiti halipendi mizizi kuguswa, unazika na kikombe chake.

Wakati miche inakua, nilikuwa natayarisha tuta. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri chini, udongo umeinuliwa, juu nikatandika nailoni nyeusi wiki 2 kabla. Hii nailoni nyeusi ya chini watu wanaisahau, na kwangu ilifanya kazi kubwa kuliko mbolea. Udongo unapashwa joto mchana, na magugu hayatoki. Juu ya tuta nikakunja fito kama upinde, mita 8 urefu, nikafunika na nailoni nyeupe nzito. Kando ya mimea nikapanga mitungi ya mafuta ya kupikia, ya lita 20, nimeipaka nyeusi na kuijaza maji. Maji yanakula joto mchana, yanatema usiku.

Nilinunua kipimajoto cha bei rahisi nikakifunga ndani. Saa nane mchana siku ya jua, ndani kilikuwa kinasoma hadi 36, na hapo lazima ufungue kando la sivyo unachemsha mimea. Alfajiri nje ikiwa 4, ndani ilikuwa 8. Naomba muangalie hiyo 8 vizuri. Pamoja na nailoni na mitungi yote, usiku nilipata nyuzi 4 tu zaidi. Zilitosha kuzuia sakitu. Hazikutosha kufanya Kinangop kuwa Kitui. Kila asubuhi mmea ulikuwa unaamka umesimama, unangoja saa nne jua lipande ndio uendelee. Ndio pakiti ya siku 75 ikawa 118 kwangu.

Miche 14 niliihamisha Desemba 20. Maua ya kiume yalikuja kwanza, mengi, nikadhani mambo iko sawa. Ua la kike linajulikana kwa kale katunda kadogo chini yake, na ya kwanza niliyaona karibu na Januari 25. Nyuki kwa baridi hawatoki mapema, na ndani ya nailoni hawaingii wakipenda. Kwa hivyo unachavusha mwenyewe: asubuhi maua yakifunguka, unachuna la kiume, unang'oa petali, unalisugua polepole ndani ya la kike. Ukichelewa hadi mchana umekosa. Hii ndiyo sehemu nilifurahia kuliko zote, nikisema ukweli. Unakaa hapo kwa magoti na jaketi, ndani kuna harufu ya udongo wa joto, nje kuna ukungu. Tunda likishika, linaanza kuinamia chini baada ya siku 2, 3. Likikataa linakuwa njano linaanguka.

Kila mmea niliachia tunda moja au mawili, mengine nikatoa. Inauma kutoa, lakini kwa baridi mmea hauwezi kulisha watoto watano. Kutoka kushika hadi kuiva tunda la kwanza lilichukua siku 53. Kuangalia kama limeiva usitegemee kugonga peke yake kama wale wa sokoni. Angalia ule uzi uliojikunja karibu na kikonyo cha tunda, ukikauka kabisa hadi mwanzo wake, na lile doa la chini ambapo tunda limelala, likitoka weupe likawa kama rangi ya siagi. Ukichuna mapema limeisha, tikiti halizidi utamu likiwa mezani. La kwanza nilichuna kwa haraka kwa sababu ya kamera, siku kama 4 kabla, na lilikuwa la waridi. Hilo hamkuliona pia.

Sasa hesabu. Nilipata matunda 19, jumla kilo 41. Kubwa kuliko yote kilo 3.4, dogo kilo 1.1. Kati ya hayo 19, 13 yalikuwa matamu, matamu kweli, watoto wa jirani walikula hadi sehemu nyeupe. 6 yaliyochelewa hadi Aprili, mvua na wingu zilipokuja, yalikuwa kama tango. Jekundu la kutosha kupiga picha, lakini tango.

Nailoni nyeupe ilikula 2,400. Nyeusi 600. Mbegu 150. Fito zilitoka kwa mti wa nyumbani, samadi ya ng'ombe wa shosho, mitungi ya kuokota. Jumla 3,150. Sokoni Engineer hiyo wiki tikiti lilikuwa linauzwa 60 kwa kilo, bei ya kununua, si ya kuuza kwa jumla. Tuseme ningeuza zote 41 kwa hiyo bei, hata yale ya tango. Ni 2,460. Nimekula hasara.

Mtu atasema nailoni inakaa misimu 3. Sawa, tugawanye. Nailoni nyeupe 800, nyeusi 200, mbegu 150, inakuwa 1,150. Inabaki 1,310. Gawanya kwa siku 118 za kufunika jioni, kufunua asubuhi, kuchavusha kwa magoti. Ni bob 11 kwa siku. Chai ya kibanda.

Tena hapo sijahesabu siku ambayo ningesahau kufunika. Mkulima wa Makueni hapandi kitandani na hiyo hofu. Ana jua la bure, nyuki wa bure, na gari linalobeba tani kadhaa kwa mara moja. Nikijaribu kushindana naye sokoni napigana na jua, na jua halina riba. Huku kwetu tuna viazi, kabeji, karoti, maziwa, sasa na stroberi. Hivyo ndivyo vitu ambavyo yeye kwake angelazimika kuvitengenezea baridi.

"Basi unasema tusipande?" Hapana, na hapa naomba msinigeuze maneno. Nasema panda 6. Panda 14 kama mimi kama una mtu wa kufunika jioni. Huku kwetu tikiti zima ni kitu cha harusi na cha Krismasi. Shosho wangu ana zaidi ya miaka 70 na alikuwa hajawahi kula tikiti lililotoka shambani kwake. Alikaa na mbegu mkononi, hakutaka kuzitema chini. Alizikausha kwa gazeti. Na zinafaa kukaushwa, kwa sababu Sugar Baby si ya F1, na kwa sababu hakuna jirani mwenye tikiti lingine la kuchanganyika nalo, mbegu yako mwakani itatoa kitu kile kile. Unaweza hata kuanza kuchagua kama yule kijana wa Idaho: hifadhi mbegu za tunda lililoiva la kwanza, si la lile kubwa. Miaka 5, 6, nani anajua. Nimejaribu pia kupandikiza miche ya tikiti kwa shina la malenge, vile Wajapani na Wakorea wanafanya na vibuyu na malenge kwa sababu mizizi yake inavumilia udongo wa baridi. Nilijaribu 4, ikashika 2, moja kuku akaikula. Sina cha kuripoti hapo.

Hiyo yote ni raha, na ni elimu, na watoto wanakula. Kile nakataa ni kuifanya fursa. Nyinyi wakubwa mnakumbuka mayai ya kware, 2013 na 2014. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vizimba kwa jirani, halafu nakumbuka vizimba vitupu. Hakuna aliyedanganya kwamba kware hutaga. Kweli hutaga. Walionyesha mayai, hawakuonyesha soko. Mimi nilionyesha tikiti, sikuonyesha nailoni. Sioni tofauti kubwa, na nimejaribu kuitafuta.

Najua mtaniambia kila mtu mzima ajifanyie utafiti wake. Hiyo ndiyo komenti niliyoipata nyingi niliposema hii mambo juu juu wiki iliyopita. Lakini utafiti wa yule mama ulikuwa ni video yangu. Aliona mahali kama kwake, ukungu kama wa kwake, kijana anaongea kama watoto wake. Angeona shamba la Israeli angesema hiyo ni ya Israeli. Ya kwangu ilimshika kwa sababu ilikuwa ya nyumbani. Video za kilimo za mahali pa kwetu zina nguvu hiyo, na ndiyo maana hazifai kukatwa pale nailoni inaanza.

Nilimjibu siku ya pili. Nilimwandikia "Mama, nilifunika na nailoni, na sikuionyesha, na naomba msamaha." Nikamtumia picha zote, hata ile ya matunda ya saizi ya limau siku ya 75. Alichukua masaa kujibu. Akasema chama wamempa hadi Desemba kurudisha pesa, anauza maziwa, atamaliza. Sikujua niseme nini. Nilimtumia kile video ilinilipa, ambacho si kingi kama mnavyodhani, na alikataa mara ya kwanza, akakubali mara ya pili akisema ni ya deni, si ya zawadi.

Video ya zamani sikuifuta. Watu waliniambia nifute. Nimeweka nyingine mbele yake, imebandikwa juu kabisa ya ukurasa: inaanza na nailoni chafu, halafu kipimajoto, halafu lile tikiti la waridi. Imepata watazamaji wachache sana, wengi wanaondoka kabla ya sekunde ya 8. Sawa.

Juzi yule mama akaniandikia tena. Anataka kujaribu mashimo 6, nyuma ya jikoni, ukuta wa mawe upande wa upepo. Ananiuliza nailoni ya upana gani. Nimemwambia mita 3, ile nzito, na anunue pakiti moja ndogo ya Sugar Baby, mbegu azipande mwisho wa Novemba karibu na jiko. Ameniuliza pia kama kuku wanapenda miche. Nimemwambia sana.